KUTEGUKA SI KUVUNJIKA

Liko neno moja dogo ambalo limekwisha kuwalemaza watu wengi katika nchi yetu hii ya Geita, nalo ni neno "kuteguka". Mtu akianguka na pikipiki katika njia za Kalangalala, watu humzunguka, na mmoja wao humshika mguu, huutikisa huku na huku, kisha hutoa hukumu: "Umeteguka tu." Kijana akiangukiwa na jiwe katika duara la dhahabu, wenzake husema vivyo hivyo. Bibi kizee akiteleza mlangoni pake wakati wa masika, asiweze kuinuka tena, majirani husema nyonga yake imeteguka. Na lile neno "tu" ndilo baya kupita yote, kwa maana ndilo linalomrudisha mgonjwa nyumbani.

Sisi walimu si waganga, wala hatutaki kuwanyang'anya waganga kazi yao. Lakini kazi yetu sisi ni maneno. Mtoto akiita pembetatu kwa jina la mraba, twamrudisha ubaoni. Basi twaona haya kunyamaza wakati mtu mzima anapouita mfupa uliovunjika kwa jina la kiungo kilichoteguka, kwa kuwa kosa la mtoto humpotezea alama moja, na kosa la mtu mzima laweza kumpotezea mwenziwe mguu.

Wako wanaojitetea wakisema ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha katika mambo haya, ndiyo maana watu hutumia neno moja kwa yote. Hayo si kweli hata kidogo. Wenye lugha wametuachia maneno matatu yasiyofanana. Kano zinazofunga mfupa kwa mfupa zikivutwa kupita kiasi chake, mguu umeshtuka. Kichwa cha mfupa kikitoka katika kikao chake, kama mchi uliotoka kinuni, kiungo kimeteguka. Na mfupa wenyewe ukikatika, ukipasuka au ukipondeka, mfupa umevunjika. Mguu hauwezi kuteguka katikati ya muundi, kwa sababu katikati ya muundi hapana kiungo. Pana mfupa mtupu. Hata hivyo tumesikia kwa masikio yetu wenyewe mtu mwenye akili zake akisema fulani "ameteguka muundi". Huyo ni kama fundi asemaye kwamba bawaba imelegea katikati ya ubao.

Tena kuna hukumu nyingine iliyoenea sana, hata walimu wenzetu huisema: ati mtu akiweza kutikisa vidole, mfupa haukuvunjika. Twauliza, je, ni nani aliyeileta elimu hiyo? Vidole vyavutwa na misuli na kano zake, na hizo zaweza kuwa nzima kabisa ilhali mfupa ulio karibu nazo umekatika vipande viwili. Mtu mwenye mkono uliovunjika penye kilimbili mara nyingi huvitikisa vidole vyote vitano, tena aweza hata kukamata kalamu. Na wako waliovunjika kifundo cha mguu wakatembea kwa kuchechemea siku nyingi. Kutikisa vidole huonyesha kwamba misuli na mishipa ya fahamu ingali hai. Ni habari njema, lakini si habari ya mfupa.

Lakini neno hili likiwadhuru watu wazima, watoto lawadhuru zaidi, na hapa ndipo tunapotaka wazazi watusikilize. Mifupa ya mtoto haijakwisha kuwa mifupa. Karibu na ncha za kila mfupa mrefu pana utando wa gegedu, na mfupa hurefuka kutoka hapo mpaka kijana atimize umri wake. Gegedu hilo ni dhaifu kuliko kano zinazokizunguka kiungo. Basi nguvu ile ile ambayo kwa mtu mzima ingevuta kano tu, kwa mtoto hulipasua gegedu kabla kano hazijadhurika. Maana yake ni kwamba kwa mtoto neno "kuteguka" mara nyingi ni uongo tangu mwanzo. Mwaka wa 1963 madaktari wawili wa Toronto, katika nchi ya Kanada, Robert Salter na Robert Harris, waliugawa mvunjiko wa gegedu hilo katika namna tano, nao wakaonyesha kwamba namna nyingine hazionekani vizuri hata katika picha ya eksirei. Daktari huujua mvunjiko wa namna hiyo kwa kupabonyeza mahali penyewe na kuona mtoto analia hapo hapo juu ya mfupa. Ikiwa gegedu halikutunzwa, laweza kuacha kukua upande mmoja, na mfupa ukaendelea kukua upande wa pili; ndipo mwaka mmoja au miwili baadaye twaona mguu umepinda au umekuwa mfupi, nasi twanong'ona habari za uchawi.

Kila mwaka miembe inapoiva, tuna watoto wanaoanguka na kujikinga kwa mkono ulionyooka. Mfupa wa juu ya kiwiko huvunjika kwa anguko la namna hiyo kuliko mfupa mwingine wowote wa kiwiko cha mtoto. Mbele ya mfupa huo hupita mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi, na kipande chenye ncha chaweza kuubana au kuuchana. Mtoto mmoja wa darasa letu la nne alikandwa kiwiko kwa maji moto siku tatu, akivutwa mkono ili "urudi mahali pake". Haukuwa umetoka mahali pake. Ulikuwa umevunjika, na kila kuvuta kulizidi kukisukuma kipande kwenye mshipa. Leo anaandika kwa mkono wa kushoto, na vidole vya mkono wa kulia vimekunjamana kama vya ndege. Hatusemi haya ili kuwaaibisha wazazi wake, kwa maana walifanya kama neno lilivyowaongoza. Aliyewaambia "kuteguka" ndiye aliyewapa maji moto.

Sasa tuje kwa wale waliokwisha kufika hospitali. Huko nako liko neno la kujidanganya, nalo ni "ufa". Mtu hutoka na picha yake mkononi akicheka, huwaambia ndugu zake walioketi chini ya mti: "Mungu mkubwa, haukuvunjika, ni ufa tu." Nao hushukuru, na juma la pili humwona akibeba ndoo ya maji. Ufa ni mvunjiko. Hakuna kitabu cha waganga kinachoutenga ufa na kuvunjika. Tofauti yake ni hii tu, kwamba vipande vingali vimeshikana mahali pake, havijaachana wala kupandana. Ni tofauti kubwa, twakiri, kwa kuwa mfupa wenye ufa hauhitaji kunyoshwa, wahitaji kutulizwa. Lakini mwenye ufa akiutwika mfupa mzigo, vipande huachana, na lililokuwa jambo la kufungwa plasta ngumu, lile ambalo vijana huliita hogo, huwa jambo la kupasuliwa na kutiwa chuma. Sisi tuliofundishwa utotoni kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta, tunawezaje kuziba nyufa za nyumba zetu tukauacha ufa wa muundi?

Na kuna ufa usioonekana siku ya kwanza. Mwendesha bodaboda akianguka na kujitegemeza kwa kiganja, hupata maumivu katika bonde dogo lililo chini ya kidole gumba. Hapo pana kijifupa kidogo sana, na ufa wake mara nyingi hauonekani katika picha mpaka zipite siku 10 au 14. Daktari mwema humfunga kwanza kisha humwita tena kwa picha ya pili. Na sisi husema daktari huyo hajui kazi, kwa sababu picha haikuonyesha kitu naye amemfunga! Kijifupa hicho hupata damu kwa shida, nacho kikiachwa, sehemu yake hufa ndani ya mkono, na kilimbili huuma maisha yote.

Baada ya hayo twataka kusema juu ya tofauti iliyo kubwa kuliko zote, ambayo mtu asipojua nyingine yoyote aijue hii: kuna mvunjiko uliofungika na kuna mvunjiko ulio wazi. Uliofungika ni ule ambao ngozi juu yake ni nzima. Ulio wazi ni ule ambao jeraha limeufikia mfupa, ama mfupa umechomoza nje, ama umechomoza ukarudi ndani, ama kitu cha nje kimepenya. Watu wengi hudhani ni wazi pale tu mfupa unapoonekana kwa macho. Sivyo. Kitundu kidogo kama punje ya hindi kinachovuja damu juu ya mahali palipovunjika chatosha kuuita mvunjiko huo wazi. Ramon Gustilo na John Anderson, madaktari wa Marekani, walipoandika mwaka 1976 juu ya mivunjiko iliyo wazi zaidi ya 1,000, waliipanga katika daraja tatu, na daraja ya kwanza kabisa ni ya jeraha lisilofika sentimita 1. Hata hilo dogo waliliandika kuwa wazi, kwa sababu vijidudu haviulizi mlango una upana gani.

Muundi ndio mfupa unaoongoza kwa hatari hiyo. Jipapase mwenyewe, msomaji, mbele ya mguu wako: kati ya ngozi na mfupa hapana nyama. Basi pikipiki inapougonga muundi, mfupa hutokea nje kwa urahisi. Na sisi hupaka nini? Tumeona udongo, tumeona majivu, tumeona majani yaliyotafunwa, tumeona hata mafuta ya pikipiki. Mvunjiko ulio wazi wataka maji safi juu ya jeraha, kitambaa safi cha kulifunika, kitu cha kuutegemeza mguu usitikisike, na safari ya hospitali saa ile ile, maana dawa ya kuua vijidudu yafaa sana ikipewa katika saa za kwanza, na kinga ya pepopunda pamoja nayo. Mfupa ukichomoza usiurudishe ndani kwa mkono wako. Unaurudisha pamoja na mchanga wa barabara.

Hapa tuwapeni kisa cha kweli. Mwaka wa 1756 mganga mashuhuri wa London, jina lake Percivall Pott, alikuwa amepanda farasi katika njia iitwayo Old Kent Road, farasi akamtupa chini. Muundi ukavunjika, mfupa ukatoka nje. Watu wakaja mbio kumwinua, kama wanavyokuja mbio katika barabara ya Geita. Pott aliwakataza wasimguse. Alilala pale pale njiani, akatuma watu wawaite wachukuzi wa viti waje na miti yao. Wakati wa kungoja akanunua mlango. Wachukuzi walipofika, akaamuru miti ipigiliwe misumari penye mlango ule, akawekwa juu yake, akachukuliwa taratibu mpaka nyumbani, safari ya mbali kupita mjini. Siku zile mvunjiko ulio wazi dawa yake ilikuwa kukata mguu, na waganga wenzake walikwisha kukubaliana kumkata. Vyombo vilikuwa tayari. Ndipo akaingia mwalimu wake wa zamani, Edward Nourse, akautazama mguu, akasema waweza kuponywa. Ukaponywa, naye Pott akaishi miaka 32 baadaye akitembea kwa miguu miwili.

Twauliza, ni nini kilichouokoa mguu ule? Hapakuwa na eksirei, wala dawa ya usingizi, wala dawa ya vijidudu. Palikuwa na mtu aliyejua jina la kilichompata, kwa hiyo akajua kwamba akitikiswa ataupoteza. Linganisha na sisi. Mtu mwenye paja lililokatika tunampandisha juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mtu wa kumshika, mguu ukining'inia na kugonga kila shimo la njia. Ncha za mfupa zinachana nyama na mishipa ndani, na paja peke yake laweza kuficha lita moja ya damu au zaidi bila tone kuonekana nje. Mgonjwa hufika amepoa. Mlango wa Pott hatuna? Kila nyumba ya Kalangalala ina mlango.

Juu ya namna mfupa unavyokatika hatutasema mengi, ingawa ni elimu tamu. Mfupa uliopigwa kutoka ubavuni, kama kwa gongo au kwa bampa la gari, hukatika kwa mkingamo. Uliosukumwa kwa pembe hukatika mshazari. Mguu ukinaswa shimoni na mwili ukageuka, mfupa hukatika kwa msokoto, kama mua unaosokotwa kwa mikono miwili. Nguvu ikiwa kubwa mno, husagika vipande-vipande. Mfupa wa mtoto, kwa kuwa una unyevu bado, hupinda na kuchanika upande mmoja tu kama kijiti kibichi. Waganga wa Ulaya nao waliuita hivyo hivyo, mvunjiko wa kijiti kibichi, ambayo ni ishara kwamba jina zuri huokotwa shambani. Mahali ambapo kano inashika, kano ikivutwa kwa ghafula, mfupa humeguka kipande. Na mfupa wa fuvu hubonyea kama sufuria.

Lakini mmoja haturuki, kwa ajili ya ndugu zetu wa Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa. Mchimbaji akiponyokwa na kamba akatumbukia duarani, akatua kwa miguu, mfupa wa kisigino hupondeka. Yeye hulia kisigino, na wote hutazama kisigino. Kumbe ile nguvu haikuishia kisiginoni. Ilipanda kwa miguu yote miwili ikafika kiunoni, ikapondaponda pingili ya uti wa mgongo. Wenzake humwinua kwa kumshika kwapa na magoti, mgongo ukikunjika kama jamvi, na pingili iliyopondeka huubana uti wa fahamu. Aliyeingia duarani akitembea hutoka akiwa hatatembea tena, na aliyemlemaza si duara, ni mikono ya marafiki. Kwa hiyo twasema kwa nguvu zetu zote: aliyeanguka kutoka juu akaumia kisigino, mhesabuni kuwa ameumia mgongo mpaka daktari aseme hakuumia. Achukuliwe juu ya ubao, amenyooka, shingo yake imeshikwa. Ubao hauwezi kukosekana mahali penye matimba.

Sasa tuna ugomvi na upande wa pili pia, maana haitakuwa haki kuwalaumu wanakijiji tu. Mgonjwa anapofika kwa wataalamu hupewa jina, lakini ni jina gani! Huambiwa ana "Colles". Mama mmoja wa mtaani kwetu aliturudia akituomba tumweleze maana yake, akidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, naye amekwisha kutenga vyombo vyake. Abraham Colles alikuwa mganga wa Dublin, katika nchi ya Ayalandi. Mwaka wa 1814 aliueleza mvunjiko wa mfupa wa mkono karibu na kilimbili, ule ambao kiganja husukumwa nyuma mpaka mkono huonekana kama uma wa mezani. Tena alieleza kwa kupapasa kwa vidole vyake tu, miaka 81 kabla Röntgen hajaigundua eksirei mwaka wa 1895. Mtu wa namna hiyo astahili heshima. Mwaka 1847 mwenzake wa mji ule ule, Robert Smith, aliueleza mvunjiko ulioelekea upande wa pili, kiganja kimesukumwa mbele, nao ukaitwa wa Smith. Yuko Monteggia wa Milan, yuko Bennett, yuko Galeazzi. Yuko Robert Jones aliyeandika mwaka 1902 habari ya mguu wake mwenyewe alioumiza katika dansi. Na huyo Pott tuliyemsimulia, mvunjiko uitwao kwa jina lake ni wa kifundo cha mguu, wala si muundi alioumia!

Hatuna neno juu ya majina hayo wanapoyatumia wenye elimu kwa wenye elimu. Yana urithi ndani yake, na daktari wa Mwanza humwandikia daktari wa Dar es Salaam neno moja akaelewa kurasa mbili. Ugomvi wetu ni pale jina la Mzungu aliyekufa zamani linapokuwa ndilo jibu la pekee analopewa mwenye mkono. Je, jina "Smith" humwambia mama huyo kwamba asinyanyue ndoo? Humwambia kama mfupa umesogea au haukusogea? Sema hivi: "Mama, mfupa wa mkono umekatika karibu na kilimbili, kipande kimerudi nyuma, ngozi ni nzima. Tutaunyosha, tutaufunga kama majuma 6." Maneno hayo hayazidi dakika moja. Mama huyo angekwenda nyumbani akijua ana nini, na vyombo vyake vingebaki mahali pake.

Wengine hutujibu kwamba elimu ya mifupa ilizaliwa Ulaya, kwa hiyo lazima iseme Kizungu. Nao wajue ya kwamba andiko la kale sana tulilo nalo juu ya mifupa iliyovunjika lilitoka barani Afrika. Ni karatasi ya mafunjo ya Misri, iliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, nayo yaeleza wagonjwa 48, mmoja mmoja, kuanzia kichwani na kushuka chini. Yatenga kushtuka, kuteguka na kuvunjika, kila kimoja kwa jina lake. Tena baada ya kila mgonjwa mganga hutoa neno lake, kama ni ugonjwa atakaoutibu, au atakaopigana nao, au usiotibika. Na jambo lililotufurahisha sana sisi walimu ni hili: mwandishi, alipofika penye neno gumu la kizamani, alisimama akalifasiri kwa maneno ya watu wa siku zake. Hakuona haya kulieleza. Ati karatasi hiyo leo yaitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeinunua Luxor mwaka 1862. Smith mwingine tena.

Na hapa kwetu, nani asema lugha yetu ni maskini? Vijana wetu wa machimboni wamekipa jina kila kitu wakigusacho. Shimo ni duara, miti ya kulizuia lisiporomoke ni matimba, mahali pa kuoshea ni mwalo, mashine ya kusaga mawe ni karasha, na mchanga uliokwisha kusagwa ambao bado una dhahabu wanauita marudio. Hakuna baraza la lugha lililowaketia. Walihitaji, wakaita. Watu waliouwekea mwamba majina yote hayo hawashindwi na mfupa.

Neno letu la mwisho la ugomvi ni kwa waunga mifupa. Hatuwadharau. Neno lenyewe "kuganga" lina kuunga na kufunga ndani yake, na wazee walikuwa na magango na vitata vya kunyoshea mkono kabla hatujaona plasta hata moja. Wako wenye vidole vyenye hekima. Lakini wengi wao hawatengi uliofungika na ulio wazi, nao hukaza kamba kana kwamba wanafunga mzigo wa kuni. Mguu uliovunjika huvimba. Ukibanwa hauna pa kuvimbia, na damu hukatazwa njia. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikinyoshwa na mgonjwa akapiga kelele, ngozi ikiwa baridi au ikifa ganzi, mfungue saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama mganga amekataza, na hata kama aliyefunga ni hospitali na kilichofungwa ni plasta. Katika hilo rudi kwao mbio wakate. Misuli iliyokosa damu huanza kufa katika saa chache, na baada ya saa 6 au 8 haifufuki. Mmoja wa hao wafungaji alitujibu kwamba maumivu ni ishara ya mfupa kuungana. Mgonjwa wake alikatwa mguu chini ya goti.

Tena lile la umbali, ambalo lilikuwa udhuru wa kweli, limepungua. Zamani mgonjwa aliyepelekwa Bugando huko Mwanza alifika Busisi akangoja kivuko, na mfupa wake ukingoja pamoja naye. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, na gari lapita bila kusimama. Gharama bado ni nzito, hilo hatulifichi, wala hatumlaumu maskini kwa kuogopa hesabu ya hospitali. Twamwomba ahesabu pia kuku, mbuzi na majuma ya kulala aliyompa mfungaji, kisha ng'ombe atakayemwuza wakati mfupa uliounga vibaya utakapovunjwa tena na kunyoshwa.

Basi twawaomba waganga na wauguzi waandike katika karatasi ya kila mgonjwa, chini ya jina la Kizungu, maneno machache ya Kiswahili: mfupa gani, wazi au umefungika, umesogea au haukusogea. Nasi walimu tuwafundishe watoto wa darasa la tano kuyasoma hayo kwa wazee wao. Na ninyi wasomaji, iwapo mnayo maneno bora kuliko haya yetu, ya pwani, ya Kisukuma au ya Kizinza, mwandikieni mhariri. Mpaka sasa hatujapata neno moja la kupendeza kwa mfupa uliomeguka kipande penye kano. Na kwa kile kisigino kilichopondeka kwa kutumbukia duarani, wachimbaji wa Nyarugusu hawakosi kuwa na jina lao tayari. Tungependa kulipata kabla ya masika.